Kila Gramu Unayomimina Utaibeba: Mwongozo Kamili wa Kupunguza Taka za Kusafisha Mitambo ya Nyuklia kwa Kemikali

Nilikuwa nimemaliza chuo miezi michache tu nilipopelekwa kusaidia kusafisha boila la kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere, hapa Dar es Salaam. Tulijaza asidi ya hidrokloriki, pampu ikaizungusha usiku kucha, na asubuhi mabomba yaling'aa kama sufuria mpya. Kilichotushinda ni maji yaliyobaki, mekundu meusi kama chai ya rangi iliyokolea. Tukamwagia chokaa ili kuua asidi, na kufikia adhuhuri tulikuwa na mapipa kumi na moja ya tope la kahawia ambalo hakuna aliyejua lipelekwe wapi. Siku nyingi baadaye nilikaa nikapiga hesabu ya kutu yenyewe tuliyoitoa ndani ya lile boila. Ingeenea kwenye ndoo mbili. Kingine chote kilichojaza mapipa yale kilikuwa chokaa yetu, asidi yetu na maji yetu wenyewe.

Tangu siku ile nimefuatilia kwa karibu sana namna wenzetu wenye mitambo ya nyuklia wanavyosafisha mabomba yao, kwa sababu wao hawana nafasi ya kukosea kama tulivyokosea sisi. Tope lao lina mionzi. Pipa moja la ziada ni pipa la kulindwa kwa miaka mingi.

Tanzania haina mtambo wa umeme wa nyuklia. Lakini urani ya Namtumbo inazungumzwa kila mahali, mtambo wa Koeberg karibu na Cape Town umekuwa ukizalisha umeme tangu miaka ya 1980, Misri inajenga El Dabaa, na vijana ninaowafundisha kemia hapa mjini wananiuliza kila muhula: kazi zile ni za namna gani, na sisi tutazifanyaje? Mwongozo huu ni kwa ajili yao, na kwa fundi yeyote wa boila anayetaka kuacha kuzalisha tope bila sababu.

Jua kwanza unachokifukuza

Ndani ya mzunguko mkuu wa mtambo, maji ya joto la karibu nyuzi 300 hula chuma cha mabomba kidogo kidogo. Chembe hizo husafiri na maji, hupita katikati ya kinu cha nyuklia, hupigwa na nyutroni, kisha huenda kuganda kwenye kuta za mabomba kama utando mwembamba wa kutu. Msumbufu mkubwa humo ni kobalti. Kobalti ya kawaida, ile ya 59, hutoka hasa kwenye aloi ngumu za valvu. Ikimeza nyutroni moja inakuwa kobalti-60. Hiyo nusu uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuisha, ni miaka 5.27, na miali yake ya gama ina nguvu ya kupenya bomba nene la chuma. Ni kobalti ileile iliyotumika kwenye mashine za tiba ya saratani, zikiwemo za Ocean Road hapahapa kwetu. Kwenye mashine imefungiwa ndani ya kinga na inaelekezwa kwa mgonjwa kwa kipimo. Kwenye bomba imetapakaa, na fundi anayekwenda kubadilisha valvu anaipokea mwili mzima.

Sasa tazama jambo hili. Gramu moja ya kobalti-60 halisi ina mionzi ya takriban terabekereli 42, yaani mipasuko trilioni 42 kila sekunde. Mabomba yenye jumla ya terabekereli 10, kiasi ambacho hakuna mtu angekaa karibu nacho kwa hiari, yamebeba kobalti-60 isiyofika robo gramu. Robo gramu! Unaweza kuisafirisha kwenye ukucha kama isingekuwa sumu ya mauti. Lakini imefichwa ndani ya makumi ya kilo za kutu, na ili kuitoa tunamimina mamia ya kilo za kemikali. Hapo ndipo taka zinapozaliwa.

Hatua ya kwanza: fungua daftari kabla ya kufungua asidi

Mali bila daftari huisha bila habari, na kemikali nazo ni hivyohivyo, ila hizi haziishi. Zinabaki.

Chukua karatasi, ichore mstari katikati. Upande wa kushoto andika kila kitu kitakachoingia kwenye mfumo: asidi, kioksidishaji, dawa ya kuzuia kuliwa kwa chuma, maji ya kusuuzia. Upande wa kulia andika kila kimoja kitatokaje. Njia ni tatu tu. Ama kitageuka gesi na maji, ama kitanaswa kwenye resini (punje za plastiki zinazonasa ayoni) au kichujio, ama kitabaki kwenye maji ambayo baadaye lazima uyakaushe. Cha kwanza hakikuachii mzigo. Viwili vinavyofuata ni taka. Kemikali ambayo hujui itatokaje usiiingize.

Nitatumia mfano mmoja mwongozo mzima ili hesabu zifuatane. Tuseme mfumo una mita za ujazo 100 za maji, eneo la ndani la mabomba ni mita za mraba 10,000, na utando una wastani wa gramu 5 za metali kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni kilo 50 za chuma, nikeli na kromi, au takriban moli 900. Nyingi zikiingia kwenye maji zikiwa na chaji mbili, unahitaji nafasi kama 1,800 (nafasi moja kwa kila moli ya chaji) kwenye resini ya kunasa ayoni chanya. Lita moja ya resini nzuri ya aina hiyo hubeba karibu nafasi 1.9. Kwa hiyo uchafu wenyewe, pamoja na kobalti yote, ungetosha kwenye lita 950 za resini.

Iandike namba hiyo kwa wino mwekundu juu ya ukurasa. Lita zozote utakazozidisha zimetokana na wewe.

Hatua ya pili: pata kipande cha bomba

Usichague kemikali kwa mazoea. Omba kipande cha bomba kilichokatwa wakati wa matengenezo, au kikwangue, kipime maabara. Kwenye mitambo ya maji yaliyobanwa, ambako maji yana hidrojeni iliyoyeyushwa, tabaka la ndani la utando huwa na kromi nyingi, na kromi hiyo haiyeyuki kwa asidi laini hata ukiichemsha wiki nzima. Lazima kwanza uioksidishe iwe kromati, ndipo utando ulegee. Kwenye mitambo ya maji yachemkayo utando mara nyingi una chuma kingi zaidi na kromi kidogo, na wakati mwingine hatua ya kuoksidisha unaweza kuiruka au kuifanya mara moja tu. Kuiruka hatua nzima ni akiba kubwa kuliko ujanja wowote utakaofuata.

Amua pia, mapema, mtambo unakwenda wapi baada ya kusafishwa. Ukiendelea kufanya kazi, huruhusiwi kula chuma cha chini ya utando. Ukibomolewa, unaweza kukila kidogo ili bomba lenyewe liwe safi kiasi cha kuuzwa kama chuma chakavu. Hizo ni kazi mbili tofauti na dawa zake ni tofauti.

Hatua ya tatu: kioksidishaji kisicho na mkia

Kwa miongo mingi dawa ya kuoksidisha kromi imekuwa permanganeti. Watu wengi huishia hapo: "tumia permanganeti". Swali la taka linaanzia kwenye kile kilichoshikana nayo.

Tuseme unahitaji moli 633 za permanganeti kwenye mfumo wetu wa mfano. Ukinunua permanganeti ya potasiamu, hiyo ni kilo 100. Ikishamaliza kazi na kuharibiwa kwa asidi, kila moli inakuachia manganizi yenye chaji mbili na potasiamu yenye chaji moja: nafasi tatu. Jumla ni 1,900 hivi, yaani mita nzima ya ujazo ya resini. Umeshazidisha mzigo maradufu na bado hujayeyusha hata kilo moja ya kutu.

Ukitumia asidi ya permanganiki, ambayo badala ya potasiamu ina hidrojeni tu, mkia unakuwa nafasi mbili kwa moli. Resini inashuka hadi lita 670. Hii ndiyo njia iliyochaguliwa na Wajerumani wa Siemens katika mbinu yao iitwayo CORD, na ni moja ya sababu ilienea. Ukienda upande wa pili, ukachanganya permanganeti na kostiki (sodiamu hidroksidi) kama walivyofanya watangulizi, kila kilo 100 za kostiki zinadai lita nyingine 1,300 za resini kwa ajili ya sodiamu peke yake. Sioni sababu ya kufanya hivyo leo isipokuwa kipande chako cha bomba kimekataa kabisa njia nyingine.

Kuna pia ozoni, ambayo Toshiba ya Japani imeitumia. Ozoni ikimaliza kazi inabaki oksijeni. Mkia sifuri. Gharama yake iko kwingine: ni gesi yenye sumu, haipendi kukaa kwenye maji ya moto, na mashine za kuitengeneza na kuiharibu inapotoka zinachukua nafasi. Kama una nafasi na una watu waliofundishwa, ipigie hesabu kwa uzito.

Hatua ya nne: asidi inayokubali kufa

Huu ndio moyo wa kazi, na hapa nitakaa kidogo.

Asidi inayotumika sana ni ya oksaliki. Inang'oa kutu vizuri, inashika chuma kisianguke, na molekuli yake ina kaboni mbili, hidrojeni mbili na oksijeni nne tu. Kwa gramu 2 kwa lita, mfumo wetu unahitaji kilo 200, sawa na moli 2,222. Ukimaliza kazi na kuamua kuinasa kwenye resini ya ayoni hasi, inayobeba karibu nafasi moja kwa lita, utahitaji kati ya lita 2,200 na 4,400 kutegemea asidi imeachia hidrojeni ngapi. Ukirudia mzunguko wa kuoksidisha na kutia asidi mara tatu, kama inavyofanyika mara nyingi, zidisha kwa tatu. Umefika hadi mita 13 za ujazo, na uchafu wenyewe ulikuwa chini ya mita moja. Ni yale mapipa yangu kumi na moja, safari hii yenye mionzi.

Sasa iharibu badala ya kuinasa. Moli moja ya asidi ya oksaliki ikikutana na moli moja ya hidrojeni peroksaidi, chini ya taa za miali ya urujuanimno, zinageuka kaboni dayoksaidi na maji. Basi. Kilo 200 za asidi zinahitaji kilo 76 hivi za peroksaidi halisi, na resini ya kuzinasa haihitajiki tena. Wajerumani waliongeza taa hizo kwenye CORD yao. Hitachi ya Japani nao wana mbinu iitwayo HOP, ambamo asidi ya oksaliki hutumika pamoja na haidrazini na permanganeti, na mwishoni asidi na haidrazini huvunjwa kwa peroksaidi juu ya kichocheo. Njia mbili, wazo moja: asidi ifanye kazi, kisha ife.

Usiniamini kwa maneno. Fanya hivi. Mimi na wanafunzi wangu tulikwenda mtaa wa Gerezani, tukamwomba fundi atukwangulie kutu kavu kutoka kwenye bomba la zamani. "Mwalimu, kutu mnaipeleka wapi?" akauliza, nikamwambia tunakwenda kuisomesha. Tuliweka gramu moja ya unga ule kwenye robo lita ya maji yenye gramu sita za asidi ya oksaliki, tukavaa glavu na miwani kwa sababu asidi hiyo ni sumu, tukapasha moto taratibu hadi maji yakawa ya kijani-njano. Rangi hiyo ni chuma kilichokumbatiwa na oksalati. Tukagawa bilauri mbili: moja tukaifunga kwa karatasi ya alumini, nyingine tukaipeleka juu ya dari ya zege saa sita mchana.

Jua la Dar linajulikana. Haikuchukua muda vipovu vidogo vikaanza kupanda kwenye bilauri ya juani, kimoja kimoja, kama soda iliyokaa wazi. Ile ni kaboni dayoksaidi. Mwanga ulikuwa unaivunja oksalati mbele ya macho yetu, na chuma cha chaji tatu kinashuka kuwa cha chaji mbili. Rangi ya kijani ikafifia. Ile iliyofungwa haikubadilika. Tukapitisha kidogo ya kila moja kwenye mtungi mwembamba wa resini ya ayoni chanya: maji ya kijani yalipita na sehemu kubwa ya rangi yake, kwa sababu chuma kilichokumbatiwa na oksalati kina chaji hasi na resini ile haikioni. Ya juani ilitoka bila rangi. Taa za mtambo, kwa hiyo, zinaua asidi na papo hapo zinakifanya chuma kikamatike kwenye resini ndogo na ya bei nafuu. Hilo la pili watu wengi hulisahau.

Hatua ya tano: mpangilio wa mambo, tulipoharibu

Bilauri ya juani tuliiacha muda mrefu mno. Tulipoirudia, chini yake palikuwa na unga wa njano, laini kama manjano ya pilau. Ni oksalati ya chuma cha chaji mbili, ambayo haipendi kuyeyuka. Mwanafunzi mmoja akaongeza peroksaidi, unga ukayeyuka, akafurahi, akaongeza tena na tena chini ya jua hadi asidi yote ikaisha. Kisha nikamsikia: "Mwalimu, imegeuka uji!" Ni kweli. Chuma kilikuwa kimepoteza mlezi wake, kikaanguka chote kama tope la kahawia.

Kwenye mtambo tope hilo lingetulia kwenye vichochoro vya mabomba, mahali ambapo maji hayazunguki, na kobalti ingekuwa humo. Kiwango cha mionzi pale kingepanda kuliko kabla ya kusafisha.

Kwa hiyo shika mpangilio huu. Pitisha sehemu ya maji kwenye resini ya ayoni chanya mfululizo tangu asidi inapoanza kuyeyusha, usisubiri mwisho. Katika mfano wetu, kilo 50 za metali zikikaa zote kwenye mita za ujazo 100 kwa pamoja ni nusu gramu kwa lita, na kwa kiwango hicho unga wa njano uko mlangoni. Zikinaswa kadiri zinavyotoka, hazifiki huko. Kila ayoni ya chuma inayonaswa inarudisha hidrojeni kwenye maji, na asidi inapata nguvu upya. Wakanada walilijenga wazo hilo kwenye mbinu yao ya CAN-DECON, na asidi ileile ikafanya kazi mara nyingi. Ni pale tu metali zinapokuwa zimepungua sana kwenye maji ndipo uwashe taa kwa nguvu zote na kuongeza peroksaidi hadi asidi iishe. Kromi ndiyo mkaidi: ikishashikana na oksalati haiachii kwa haraka, kwa hiyo tenga resini kidogo ya ayoni hasi kwa ajili yake mwishoni.

Pima kabla ya kusema imekwisha. Titresheni ya permanganeti kwenye sampuli ya vuguvugu inakupa kiasi cha oksalati kilichobaki. Kwa haraka, tone la kalisi kloridi likileta weupe, bado ipo.

Hatua ya sita: maji yaleyale

Zamani kila hatua ilikuwa na maji yake. Unajaza, unaoksidisha, unamwaga, unasuuza, unajaza asidi, unamwaga, unasuuza. Mara tatu. Kwa mfumo wa mita 100 hiyo ni mita za ujazo 1,200 za maji ya kukaushwa. Ukichagua kemikali zinazouana zenyewe, huna haja ya kumwaga kati ya hatua: asidi ya oksaliki inaimaliza permanganeti palepale, moli mbili na nusu kwa moli moja, taa zinaimaliza asidi, na maji yanayobaki ni safi vya kutosha kuanza mzunguko wa pili. Jaza mara moja, malizia na maji hayohayo.

Punguza pia ujazo wenyewe. Mafuta ya nyuklia yatoke, sehemu zisizo na uchafu zifungwe kwa valvu, matangi yasiyo ya lazima yasijazwe. Gramu kwa lita ni zilezile, hivyo ukikata robo ya maji umekata robo ya kemikali.

Hatua ya saba: resini uitumie hadi tone la mwisho, lakini uiheshimu

Weka mitungi miwili mfululizo. Wa kwanza ukianza kuvujisha kobalti au chuma, wa pili unakamata, na wa kwanza unaendelea kujazwa hadi ushibe kabisa ndipo utolewe. Wa pili unasogea mbele, mpya unaingia nyuma. Anayetumia mtungi mmoja huutoa mapema kwa hofu, na nusu ya resini anayoizika haijabeba kitu.

Angalia joto. Kazi ya kuyeyusha hufanyika kwenye nyuzi 80 hadi 95. Resini ya ayoni chanya inavumilia, ila ya ayoni hasi yenye nguvu huanza kuharibika ikizidi nyuzi 60 hivi. Bila kipoza joto kabla yake utanunua resini mara mbili na kuzika mara mbili.

Halafu kuna mpaka ambao wapenda akiba huusahau: ukikusanya kobalti yote kwenye mtungi mmoja mdogo, mtungi huo unaweza kuwa mkali kiasi cha kupanda daraja la taka au kuzidi kipimo cha kusafirishwa. Piga hesabu ya mionzi kwa kila lita kabla, si baada. Wakati mwingine mitungi miwili ya kawaida ni nafuu kuliko mmoja usiobebeka.

Inawezekana pia kuikwepa resini yenyewe. Taasisi ya utafiti wa umeme ya Marekani, EPRI, ilitengeneza mbinu ya DFD kwa mitambo inayobomolewa, ikitumia asidi ya floroboriki na permanganeti, na mitambo ya Big Rock Point na Maine Yankee ilisafishwa kwayo miaka ya 1990. Baadaye wakaiendeleza kuwa DFDX, ambamo seli za umeme zinachukua nafasi ya resini na uchafu unatoka ukiwa metali kavu. Metali haina maji ndani yake wala plastiki, ndiyo maana ujazo unashuka sana. Huko Mol, Ubelgiji, kwenye mtambo wa BR3, walitumia kioksidishaji cha seriamu kula ngozi ya chuma, na seriamu ikahuishwa kwa ozoni na kurudishwa kazini badala ya kutupwa.

Hatua ya nane: kataa kemikali zinazoshikilia kupita kiasi

EDTA, kemikali inayoshika ayoni za metali, inasafisha vizuri sana, na ndio ubaya wake. Inakumbatia kobalti na haiachii, hata baada ya kuzikwa. Huko Oak Ridge, Marekani, watafiti walichapisha mwaka 1978 kwamba kobalti-60 ilikuwa inatoroka kwenye mahandaki ya taka, ikibebwa na EDTA ndani ya maji ya ardhini. Udongo ambao kwa kawaida ungeizuia uliiacha ipite. Ndiyo maana kanuni za Marekani zinataka taka zenye kemikali za namna hiyo zaidi ya asilimia 0.1 ya uzito zitajwe kwenye hati za usafirishaji. Ukiona mshauri anakuletea EDTA kwa sababu ni rahisi, muulize itaharibiwaje kabla ya kuzikwa. Asipokuwa na jibu, mshukuru, mmiminie chai, uendelee na oksaliki.

Resini iliyoshiba nayo ina safari yake. Saruji inaishika, ila resini huvimba inapopata maji na inaweza kupasua zege, kwa hiyo huwezi kuijaza nyingi kwenye pipa moja na ujazo unaongezeka tena. Kuikausha na kuifungia kwenye chombo imara kunabana zaidi. Huko Erwin, Tennessee, kuna kiwanda kinachoichoma kwa mvuke mkali hadi plastiki yote iondoke, ibaki majivu ya metali.

Hatua ya tisa: jua lini usisafishe

Mzunguko wa kwanza hutoa sehemu kubwa, wa pili hutoa kidogo, wa tatu kidogo zaidi, ilhali kemikali ni zilezile kila mara. Pima mionzi mahali palepale kabla na baada ya kila mzunguko, gawanya, kisha uliza kama mzunguko unaofuata utawaokoa wafanyakazi dozi kubwa kuliko ile watakayoipata wakishughulikia taka zake. Jibu likiwa hapana, simama.

Kwa mtambo uliofungwa na usio na haraka ya kubomolewa, muda nao ni dawa. Nusu uhai kumi za kobalti-60 ni miaka 53 kasoro kidogo, na inabaki sehemu moja kati ya 1,024. Bila asidi hata tone. Na kwa mtambo unaoendelea, badilisha valvu zenye kobalti, ongeza zinki kidogo kwenye maji ili kobalti isipate pa kukaa ukutani. Uchafu usioganda hausafishwi.

Ukiwa hapa Dar

Kitu chochote chenye mionzi kinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, na taka za mionzi za nchi hii huhifadhiwa kwenye kituo chao cha Arusha. Usijaribu hata kidogo kwenye karakana yako. Lakini daftari, kipande cha bomba, asidi inayokufa na mitungi miwili ya resini unaweza kuanza navyo kesho kwenye boila la kawaida, na ukalinganisha na mapipa ya chokaa.

Sisi lile zoezi tulilirudia kwa mpangilio sahihi: resini ikizunguka tangu mwanzo, jua na peroksaidi mwishoni. Robo lita ya maji ilitoka angavu, kalisi haikuleta weupe. Gramu moja ya kutu ya Gerezani ilikuwa imekaa kwenye punje za resini zilizojaa kikombe kidogo cha kahawa. Wanafunzi wakaipima, wakaandika tarehe na uzito kwenye kibandiko, na kwenye ukurasa wa kulia wa daftari wakaandika ni mililita ngapi.